Dawa ya Kupe na Paka wa Bibi

Mwezi uliopita nilikosana na mteja. Si jambo geni, hapa Manyamanyama, mjini Bunda, wote wanajua kwamba mwenye duka la dawa za mifugo ana mdomo. Lakini siku hiyo nilipitiliza. Alikuja dada mmoja amebeba mtoto mgongoni, mkononi ana chupa tupu ya soda, akaniambia, "Mama, nipimie dawa ya kupe kidogo tu, humu humu. Nina paka wangu ana viroboto, nataka nimwogeshe." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Mimi nikapandwa na mashetani. Nilimfokea mpaka mtoto mgongoni akaangua kilio na muuza mkaa wa jirani akaja mbio kuuliza kuna mwizi au kuna nini. Yule dada aliniangalia tu, akasema, "Nisamehe mama, mimi sikujua," akaondoka na chupa yake.

Nikakaa juu ya kiroba cha pumba. Sikujua! Hata mimi kuna siku sikujua, ndugu yangu. Tofauti ni kwamba kutojua kwangu kulidumu nusu siku tu. Baada ya hapo nilijua, nikanyamaza, na nimenyamaza mpaka nimeota mvi. Sasa acha niseme, maana nimechoka kufokea watu wasio na kosa.

Nimekulia rasini, kijiji cha wavuvi na wakulima. Ukitoka Musoma unafuata njia ya vumbi, na ziwa nalo linakufuata pembeni, mara ulione, mara lijifiche nyuma ya mawe. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, baba akaoa tena huku Bunda, mke mpya hakunitaka na wala hakujificha. Basi nikapelekwa kwa bibi mzaa mama. Bibi alinipokea akanipa uji wa ulezi kwenye kibuyu, akaniambia nikimaliza nikafagie uwanja. Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mtu wa kukumbatia watoto, lakini usiku alihakikisha blanketi limenifunika kabla hajajifunika mwenyewe.

Nikifumba macho nauona ule uwanja wote. Nyumba ya bati, jiko la nyasi lililoegemea upande kama mlevi, kihenge cha mtama juu ya miguu yake minne, zizi la minyaa lenye ng'ombe wanne. Asubuhi nilishuka ziwani na ndoo, nikirudi nakuta bibi ameshakamua na maziwa ya jana yameganda kwenye kibuyu. Mchana tulianika dagaa juu ya mawe makubwa, mawe ya kwetu yale, ya moto kiasi kwamba usipovaa ndala unacheza ngoma bila kupenda. Jioni ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, mweusi, unanata kwenye vidole, kwa furu, visamaki vya ziwani, au kwa dagaa wa nyanya. Msimu wa njaa tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, tukiichemsha, na bibi alisemaga michembe ni mkate wa watu wasio na makuu.

Kati ya uwanja wetu na wa jirani palikuwa na ua wa minyaa, na katikati ya ua palikuwa na pengo. Pengo hilo halikukatwa na panga. Lilitobolewa na miguu ya wanawake wawili, bibi na jirani, kwa miaka mingi ya kwenda na kurudi. Jirani alikuwa mjane, mdogo kwa bibi kidogo, na sisi watoto tulimwita bibi mdogo. Alikaanga samaki na kuwauza kwenye kibanda chake kando ya njia ya kwenda mwaloni, pale mitumbwi ilipotua. Moto ukizimika kwetu, nilitumwa kwake na kigae. Chumvi ikiisha kwake, alipiga kelele tu kutoka jikoni na mimi naruka na kikombe. Walimenya muhogo pamoja, wakasemezana kwa kilugha, wakacheka mpaka bibi akaomba poo, akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Wote wawili waliniita mke mwenza, eti tunagombania mume mmoja, babu yangu, ambaye alikuwa kaburini hata kabla sijazaliwa. Nilipenda sana utani ule. Ulinifanya nijione wa pale.

Paka wetu aliitwa Shemeji. Bibi ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu alikuja bila kualikwa, akala, akalala, na hakuonyesha dalili ya kuondoka. Alikuwa wa kijivu, sikio moja limechanika, mwizi wa kutupwa. Lakini panya kwenye kihenge walimjua. Tangu aje yeye, mtama wetu ulifika mavuno mengine bila kutobolewa gunia. Tulikuwa na mbwa pia, Bosi, mbwa wa heshima zake, lakini Bosi alikuwa wa uwanja wote. Shemeji alikuwa wangu. Alilala miguuni mwangu kila usiku akikoroma, na kwa mtoto asiye na mama hilo si jambo dogo.

Kosa lake lilikuwa moja, samaki wa bibi mdogo. Kila wiki utasikia huko ng'ambo ya ua, "Toka! Toka shetani wewe!" halafu Shemeji anachomoka kwenye pengo na kichwa cha sato mdomoni. Bibi mdogo anafuata nyuma na mwiko, anamwambia bibi, "Huyu shemeji yako iko siku nitamtia kitu kwenye mchuzi!" Bibi anamjibu, "Mtie na mahari basi, hajalipa." Wanacheka wote. Naomba uyakumbuke maneno hayo, maana kijiji kilikuja kuyakumbuka, na hakikukumbuka kwamba yalikuwa na kicheko ndani yake.

Sasa nije kwenye dawa. Josho la kijiji lilikuwa limekufa siku nyingi, limejaa maji ya mvua na vyura. Kwa hiyo kila mtu aliwaogesha ng'ombe wake nyumbani. Mjomba wangu alikuwa na ng'ombe wengi kule Butiama, alinunua dawa ya kupe galoni zima, na akija kutuona alimpimia bibi kidogo kwenye chupa ya soda, ile ya kioo, akaiziba kwa gunzi la hindi. Chupa ilikaa juu ya kabati la vyombo, karibu na mafuta ya kula na mafuta ya taa, zote kwenye chupa zinazofanana. Ukiniuliza tulizitofautishaje, nitakwambia kwa kunusa. Leo mtu akifanya hivyo mbele yangu namfukuza dukani, lakini wakati ule ndivyo kila nyumba ilivyokuwa.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuogesha. Bibi alipima dawa kwa kifuniko cha soda, akakoroga kwenye ndoo kwa kijiti, mimi nikashika kamba, kisha tunachovya matambara na kumsugua ng'ombe masikioni, kwapani, chini ya mkia. Nyumba nzima ilinuka dawa mpaka Jumapili. Nguo zilinuka, mikono ilinuka, ugali ulinuka. Na bibi hakumwaga dawa iliyobaki hata siku moja. "Dawa haimwagwi," alisema. Ikibaki tunapaka mbuzi, tunapaka vitanda kwa ajili ya kunguni, na mwisho tunamwita Bosi. "Kinachomfaa ng'ombe na mbwa kitamfaa." Ndivyo wafugaji wa kwetu walivyoamini wote, mpaka mjomba mwenye ng'ombe zizi zima. Bosi alijikunyata, akaogeshwa, akalala kivulini nusu siku kama mgonjwa, jioni anainuka. Tukadhani ni uvivu.

Mimi sikuruhusiwa kuigusa ile ndoo bila bibi. Mwaka huo nilikuwa nimeshamwaga chupa nzima kwa kuchezea, na mjomba alinikalisha chini, akanyoosha kidole. "Ukigusa tena dawa hii, nakufungia virago vyako, unarudi Bunda kwa baba yako." Alisema kama utani wa watu wazima. Mimi sikulala siku mbili.

Halafu ikaja Jumamosi moja. Asubuhi bibi alikuwa amejikuna mpaka basi, akasema, "Huyu Shemeji leo halali ndani. Viroboto vimetumaliza." Ng'ombe wakaogeshwa. Kabla bibi hajamwita Bosi, akaitwa kwenye msiba ng'ambo ya kijiji, akajifunga kitenge akaondoka haraka. Ndoo ikabaki na dawa yake chini, kama robo. Mimi nikabaki nayo. Nikawaza: viroboto vikitoka, Shemeji atalala ndani. Hesabu yangu ilikuwa hiyo tu. Sikuwa na ubaya wowote.

Nilimbeba nyuma ya zizi. Alinikwaruza mkono wote, akalia kama mtoto mchanga, lakini nilimshika. Nikamsugua kwa tambara kama nilivyomsugua ng'ombe, tumbo, shingo, mpaka mkia ukawa mwembamba kama kamba. Nikamfuta kwa kanga yangu. Nikaosha ndoo, nikaigeuza. Shemeji akapanda juu ya jiwe kwenye jua, akaanza kujilamba. Alijilamba kwa bidii, ndugu yangu. Mguu huu, mguu ule, kifua, tumbo, hakuacha hata unyoya. Nikamtazama nikafurahi, nikasema moyoni, ona anavyopenda usafi.

Saa kumi bibi akarudi. Shemeji alikuwa chini ya kihenge, ute unamtoka mdomoni kama mate ya mtoto anayeota meno. Ngozi ya mgongo ilikuwa inacheza yenyewe. Akajaribu kusimama, miguu ya nyuma ikakataa. Bibi akapiga ukelele, "Mungu wangu, amekula nini huyu?" Na bibi mdogo, kwa kusikia ukelele ule, akapita kwenye pengo mbio na kikombe cha maziwa, kwa sababu kwetu mtu au mnyama aliyekula sumu ananyweshwa maziwa, ndivyo tulivyofundishwa. Akapiga magoti, akampakata Shemeji, mwizi wake wa samaki, akamnywesha maziwa kwa kidole. Kisha nikaona anainama, ananusa. Akanusa tena. Akainua uso.

"Dada, huyu paka hamjampaka dawa ya ng'ombe?"

Bibi akasema, "Nani ampake paka dawa? Mimi nimetoka tangu asubuhi." Akanigeukia. "Mke mwenzangu, umempaka dawa?"

Nimeshaulizwa maswali mengi duniani. Nimeulizwa na walimu, na wakaguzi wa leseni, na mchungaji siku ya kufunga ndoa. Sijawahi kuulizwa swali jepesi kama lile. Kanga yangu ilikuwa imelowa. Mkono wangu ulikuwa na mikwaruzo. Lakini niliiona Bunda. Niliuona mlango wa baba na yule mama amesimama katikati yake. Nikatikisa kichwa. Bibi akarudia, na mara hii nikatoa sauti. "Hapana, bibi. Mimi sijamgusa."

Bibi aliniamini papo hapo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, aliniamini bila hata kuniangalia mikono. Bibi mdogo yeye aliniangalia. Aliiona mikwaruzo, najua aliiona. Akasema polepole, "Mimi nasikia harufu tu, dada." Bibi akamjibu, "Leo Jumamosi. Kila kitu kwangu kinanuka dawa."

Jua lilikuwa halijazama Shemeji alipokufa. Nilimzika mwenyewe chini ya minyaa, nikalia mpaka bibi akanihurumia, akanipa kiazi kilichochomwa. Nikakila. Mtoto ana roho gani jamani! Nilikila chote.

Siku chache za kwanza bibi alifanya kazi zake kama kawaida. Lakini kijiji hakiwezi kukaa na kifo bila kukitafutia mwenyewe. Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya ibada, wanawake walikaa na bibi kwenye nyasi, na kila mmoja akaleta kipande chake. Mmoja akakumbuka, si alisemaga atamtia kitu kwenye mchuzi? Mwingine akasema, na maziwa alikuwa nayo tayari mkononi, alijuaje kama ni sumu? Wa tatu akamalizia, halafu anamsingizia mtoto yatima! Hapo bibi akainama. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikisuka ukili. Ningeweza kumaliza maneno yale yote kwa sentensi moja. Vidole vyangu viliendelea kusuka.

Bibi mdogo alikuja jioni. Aliapa. Aliapa kwa Mungu, kwa marehemu mume wake, kwa ziwa linalomlisha. Bibi akamwambia, "Mimi sijakushtaki. Nenda tu nyumbani." Asubuhi yake bibi alikata miiba ya mgunga, akaliziba lile pengo. Aliziba peke yake, hakutaka nimsaidie, na mikono ilitoka damu.

Unajua biashara ya chakula inavyokuwa. Mtu akishasemwa ameweka sumu, hata kama ni kwa paka, nani atakula samaki wake? Wavuvi walianza kupita kibanda chake bila kugeuka. Wengine walinunua kwa kumwonea haya, wakamtupia mbwa mbele ya safari. Jioni nilimwona anarudi na beseni limejaa kama lilivyotoka, amelifunika kwa gazeti. Na kila asubuhi nilipita mbele ya kibanda kwenda shule. Aliacha kuniita mke mwenza. Alinitazama tu, mwiko mkononi, mpaka nipite. Nilijifunza kupita nikikimbia.

Bila Shemeji panya nao wakarudi. Walitoboa magunia, wakala mbegu, wakazaa ndani ya kihenge chetu. Bibi akanunua sumu mnadani, unga wa rangi umefungwa kwenye karatasi, hauna jina wala maelezo, akauchanganya na dagaa akautega huko juu kwenye kihenge. Alikuwa mwangalifu, alihakikisha Bosi hafiki. Baada ya siku kadhaa panya walianza kushuka wenyewe wakipepesuka, na Bosi, mbwa mwenye kazi yake, akawakamata na kuwala. Wiki hiyo hiyo fizi zake zikatoka damu, akalala chini ya kihenge, hakuinuka tena. Tukampa mayai mabichi, tukampa maziwa. Bibi akakaa chini kando yake, akatazama ng'ambo ya miiba, akasema, "Na huyu naye. Sasa nini nimebakiza?" Hakujua kwamba sumu ya panya inapita ndani ya panya na kumfikia anayemla. Wala mimi sikujua, hilo kwa haki kabisa sikulijua. Lakini Bosi alihesabiwa kwa bibi mdogo, na hapo ikawa imekwisha. Mwaka haujageuka alifungasha masufuria yake, akapanda gari la mizigo kwenda Musoma kwa binti yake, mtaa wa Mwisenge. Hakuna aliyemsindikiza. Bibi siku hiyo alishinda shambani.

Mimi nikasoma. Nikaenda chuo cha mifugo, maana nilipenda wanyama, hivyo ndivyo nilivyowaambia watu. Huko mwalimu mmoja, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, akatufundisha sumu za nyumbani siku moja tu, kipindi kimoja. Akasema paka si ng'ombe mdogo. Paka hujilamba, na chochote unachompaka kwenye manyoya umemlisha. Akasema msimpe maziwa, maziwa si dawa ya sumu. Kama ni dawa ya kupe na bado iko kwenye ngozi, mwosheni upesi kwa sabuni na maji mengi, mzuieni asijilambe, mkimbizeni kwa daktari wa mifugo na chupa ya dawa mkononi. Wengi wanapona, akasema, ikiwa mwenye paka atasema ukweli mapema. Wenzangu waliandika. Mimi niliomba ruhusa kutoka nje.

Sabuni ya mche tulikuwa nayo jikoni. Ziwa lilikuwa hatua chache kutoka kwenye kihenge, ziwa zima, ndugu yangu! Na bibi mdogo alikuwa ameshanusa, alikuwa ameshauliza. Kilichokosekana ni neno moja kutoka kwangu.

Wanasema majuto ni mjukuu. Basi mjukuu mwenyewe ndiye mimi, na nilikaa na bibi mpaka mwisho wake. Alipougua nilifunga duka nikaenda kumuuguza miezi miwili. Mwili wake ulikuwa umeisha lakini kichwa kizima kabisa. Siku moja mchana, ninamgeuza kitandani, akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Hivi mke mwenzangu, yule mwenzangu wa ng'ambo, mimi nilimkosea nini?" Nikajifanya sijasikia. Akarudia, "Kuna kitu nilimfanyia. Mtu hakuwekei sumu bure. Nimetafuta, sikioni." Nikamwambia, "Pumzika, bibi." Hilo ndilo jibu nililompa. Mwanamke mzima, mwenye cheti ukutani na watoto wawili, namwambia pumzika. Juma lililofuata tukamzika.

Kwa hiyo baada ya kumfukuza yule dada wa chupa, nilifunga duka Jumapili nikaenda Musoma. Nyumba nilielekezwa na watoto wa Mwisenge bila shida, kila mtu anamjua. Nilimkuta barazani anachambua dagaa kwenye ungo, amekuwa mdogo, amekauka, lakini mikono ni ile ile. Nilikuwa nimemletea sukari na doti ya kitenge. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikajitaja. Akasema, "Nimekujua toka pale getini. Unatembea kama bibi yako." Hapo nikasema yote. Ndoo, tambara, mikwaruzo, Bunda. Nilisema kwa kulia na makamasi, bila adabu.

Akanisikiliza mpaka mwisho huku anatoa mawe kwenye dagaa.

"Nilijua," akasema. "Mikono yangu ilinuka ile dawa siku mbili. Ningesema, ningesema nini? Wewe yatima, mimi mwenye maneno ya mchuzi. Nikasema acha, mtoto mwenyewe atasema. Kila siku ulikuwaga unapita pale kibandani, nasema leo atasimama. Leo atasimama. Mpaka nikahama."

Nikamwambia naomba anisamehe.

"Mimi nilishasamehe zamani, mjukuu wangu. Mimi nililala usingizi, nilijua sina kosa." Kisha akaacha kuchambua. "Bibi yako ulimwambia?"

Nikatikisa kichwa.

"Hata alipokuwa anaumwa?"

Ndipo nikamweleza lile swali la kitandani, na jinsi nilivyolijibu. Nilidhani namtuliza kwa kumwonyesha kwamba bibi alimkumbuka mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika. Alikuwa hajalia tangu nianze, sasa akalia, kwa sauti ya kizee, ungo ukamwagika barazani. "Alikuwa anatafuta kosa lake," akasema. "Dada yangu! Alikuwa amelala pale anatafuta kosa lake."

Nikataka kumshika, akaninyooshea mkono nisimkaribie. Sukari aliipokea. Kitenge alinirudishia mapajani. Akaniambia, "Ya kwangu nimekusamehe. Ya bibi yako sina ruhusa."

Nilipita rasini kabla ya kurudi Bunda. Miaka hii ziwa limepanda, mwalo wa zamani uko chini ya maji, na jiwe la kuanikia dagaa linaonekana kichwa tu. Minyaa imekatwa, mjomba amegawa kiwanja, mtu nisiyemjua amejenga nyumba ya vyumba vitatu palipokuwa na kihenge. Nilisimama kwenye kaburi la bibi nikafungua mdomo, nikaona aibu, nikaufunga. Alikuwa ameniuliza mara mbili akiwa hai, wakati masikio yake yanasikia. Sasa amelala pale akiamini kwamba mwenzake alimwekea sumu, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kukosa, na hakuna tena mtu wa kwenda kumwambia.